KIJIDUDU CHA PUANI, KIWELENI NA CHUNGUNI

Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Hapana maradhi yanayolithibitisha neno hili kuliko yale yaletwayo na kijidudu ambacho wataalamu wamekiita stafilokokasi aureasi. Kijidudu hiki hakiletwi na mbu wala hakitoki msituni. Kinakaa puani mwa mtu mzima asiyeumwa hata kidogo, kinakaa katika ngozi yake, kinakaa katika kiwele cha ng'ombe wake. Na mikono isipooshwa, kinaingia chunguni. Katika kila watu kumi, watatu hivi wanacho puani, nao hawana habari.

Kwa mkazi wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini au Saadani, na kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam ambaye hula asubuhi njiani na mchana kazini, hii si habari ya kuwaachia wenye darubini. Ni habari ya chai ya maziwa ya alfajiri, ya samaki wa kukaanga aliyekaa mezani tangu adhuhuri, ya wali wa nazi uliopikwa asubuhi ukaliwa alasiri. Tena ni habari ya kidonda kisichopona ingawa mgonjwa amekwisha kumeza dawa za kila namna.

Yafaa tuseme mapema jambo tunalokusudia. Kijidudu ni kimoja, lakini wanaokishughulikia wametengana. Daktari hukiona katika jipu, bwana mifugo hukiona katika kiwele, bwana afya hukitafuta katika sufuria. Maadamu kila mmoja anafunga mlango wake na kuacha wazi mlango wa jirani, kijidudu kitaendelea kupita.

JINA NA TABIA YAKE

Aliyekitambua kwanza ni daktari wa upasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, wa mji wa Aberdeen. Mwaka 1880 alitazama usaha wa majipu kwa darubini, akaona vidudu vya mviringo vimeshikana vichala vichala. Baadaye akavipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shada la zabibu. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach alivikuza na kuona kwamba vingine vina rangi ya manjano, kwa hiyo akaongeza neno la Kilatini lenye maana ya dhahabu. Jina ni zuri. Matendo yake siyo.

Maadamu ngozi ni nzima, kijidudu hiki humwacha mwenyeji wake kwa amani. Siku ngozi inapochanika kwa shoka, kwa mwiba wa samaki, kwa sindano chafu au kwa kisu cha upasuaji, amani hiyo inaweza kwisha. Kidogo chake ni chokea au jipu. Kikubwa chake ni kuingia katika mfupa, katika mapafu, katika moyo na katika damu yenyewe. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 na watafiti wa nchi nyingi ilionyesha kwamba katika mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja duniani walikufa kwa maradhi yanayohusiana na kijidudu hiki kimoja.

KAZI YA WATAFITI WETU

Bagamoyo si mgeni wa utafiti wa maradhi. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza katika miaka ya 1950 ikiwa maabara ndogo ya Waswisi katika bonde la Kilombero, leo ina kituo kikubwa mjini Bagamoyo. Watoto wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa waliofanyiwa majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021, na ya pili, R21, iliyokubaliwa mwaka 2023. Wazazi waliowapeleka watoto wao katika majaribio hayo waliutumikia ulimwengu mzima, na yafaa wakumbukwe.

Lakini stafilokokasi haina chanjo. Makampuni makubwa ya dawa yamejaribu na kushindwa, wala hakuna chanjo ya kijidudu hiki iliyokubaliwa kwa wanadamu mpaka leo. Kwa hiyo hatuwezi kukaa kitako tukingojea sindano. Silaha tulizo nazo ni mbili: kujua njia zake, na kuzilinda dawa zilizobaki.

Katika kuzijua njia hizo, Taasisi ya Ifakara ilishirikiana na watafiti wa Lambaréné nchini Gabon, wa Manhiça nchini Msumbiji, na wa vyuo vikuu kadhaa vya Ujerumani, kikiwamo cha Münster. Kazi yao yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtafiti huchukua kijiti chenye pamba, hukipitisha puani mwa mtu mzima au katika kidonda cha mgonjwa, kisha hukuza kilichomo. Kijidudu kikishaota, hujaribiwa kwa dawa mbalimbali na kusomwa urithi wake, yaani ile hati ya ndani inayoonyesha ukoo wake na sumu anazoweza kutengeneza. Hivyo vijidudu vya Afrika viliwekwa mbele ya vile vya Ujerumani na kulinganishwa.

Jambo moja lililoonekana wazi ni kwamba vijidudu vya Afrika vina mara nyingi zaidi urithi wa sumu iitwayo PVL. Sumu hiyo huvunja chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, nayo hufuatana na majipu makubwa na yanayorudiarudia. Basi mtu wa huku akija hospitali na majipu kila mwezi, asiambiwe kwa haraka kwamba ni mchafu au kwamba damu yake ni mbaya. Yawezekana amebeba ukoo mkali, na watu wa nyumbani mwake pia wanaubeba.

Hata hivyo kumpima mtu peke yake hakutoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waholanzi waligundua kwamba wafuga nguruwe wao walibeba stafilokokasi isiyosikia dawa, ileile iliyokuwa puani mwa nguruwe wao. Uchunguzi wa urithi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zamani ukoo ule ulikuwa wa binadamu. Ukahamia kwa nguruwe, huko ukajifunza kuzishinda dawa walizokuwa wakipewa wanyama, kisha ukarudi kwa mwanadamu ukiwa sugu zaidi kwa dawa. Hii ndiyo sababu siku hizi wataalamu hutaka mtu, mnyama na chakula vichunguzwe pamoja, katika mpango waliouita Afya Moja.

KIWELENI

Sasa tutazame kwetu. Nyuma ya pwani, kuelekea Chalinze, Lugoba na Msata, wafugaji wana ng'ombe wengi. Maziwa hukamuliwa alfajiri, hutiwa katika madumu ya plastiki, hupakiwa katika pikipiki au basi, na huteremka kuelekea Bagamoyo na Dar es Salaam jua likipanda. Sehemu kubwa mno ya maziwa ya nchi hii huuzwa namna hii, bila kupita kiwandani.

Ng'ombe hupata ugonjwa wa kiwele, na stafilokokasi ni mmojawapo wa wakosaji wakubwa katika ugonjwa huo. Pengine kiwele huvimba na maziwa hutoka na mabonge, na hapo mfugaji hutambua. Lakini mara nyingi ng'ombe haonyeshi dalili yoyote. Maziwa ni meupe, ladha ni ileile, ila ni machache kidogo kuliko ilivyostahili, na kijidudu kimo ndani. Mkamuaji humaliza ng'ombe huyo, akashika chuchu za wa pili kwa mikono ileile na kitambaa kilekile. Kwa siku chache zizi zima limeambukizwa, na mkono wake umekuwa daraja.

Dawa yake si ngumu. Mikono na chuchu zioshwe kwa maji safi na kufutwa zikauke. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Na ng'ombe aliye mgonjwa akamuliwe mwisho. Mfugaji hufaidika wa kwanza, kwa maana kiwele kigonjwa kinampunguzia maziwa kila siku.

MOTO HAUONDOI SUMU

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Watu husema: mimi sina hofu, nachemsha. Kuchemsha ni wajibu, wala asiwepo mtu wa kuuacha, kwani moto huua stafilokokasi na vijidudu vingine vingi vya hatari. Lakini kijidudu hiki kikipata joto na muda hutengeneza sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haifi pamoja na aliyeitengeneza. Hata ichemshwe nusu saa, yaweza kubaki na nguvu ya kumwangusha mtu.

Mwaka 1914 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Barber alichapisha habari ya shamba moja katika visiwa vya Ufilipino, nchi ya joto kama yetu, ambako watu waliokunywa maziwa waliumwa matumbo mara kwa mara. Alifuatilia mpaka akamfikia ng'ombe mmoja aliyeonekana mzima kabisa. Akayanywa maziwa yake mwenyewe. Yalipokuwa mabichi, ndiyo kwanza yakamuliwe, hayakumdhuru. Yalipokaa saa kadhaa katika joto, yalimtapisha. Kijidudu kilikuwamo mara zote mbili. Kilichotofautiana ni muda.

Hebu tupige hesabu. Katika joto linalokifaa, kijidudu hiki chaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa nusu saa hivi. Tuseme katika kijiko kidogo cha maziwa vimo 100 tu saa kumi na mbili asubuhi. Vikiongezeka hivyo bila kizuizi, saa tano asubuhi vitakuwa zaidi ya 100,000, nacho ndicho kiasi ambacho wataalamu huanza kuhofia sumu. Dumu lililoondoka Lugoba alfajiri bado liko sokoni saa hiyo. Mnunuzi akilichemsha adhuhuri, ameua vijidudu na kuiacha sumu.

Kuna na ajabu nyingine. Stafilokokasi ni dhaifu katika ugomvi. Palipo na vijidudu vingine vingi, hushindwa kustawi. Lakini chakula kilichokwisha kupikwa ni kama shamba lililofyekwa: wapinzani wote wameungua. Mtu akikigusa kwa mkono wenye jipu, au akakipigia chafya, amepanda mbegu katika shamba tupu. Ndiyo maana wali uliopoa, nyama iliyochambuliwa kwa vidole, na keki yenye krimu vimewaangusha watu arusini na misibani katika nchi nyingi. Dalili huja upesi, tangu nusu saa mpaka saa nane baada ya kula: kichefuchefu, kutapika kwa nguvu, tumbo kusokota, pengine kuhara. Kwa mtu mwenye nguvu hupita kwa siku moja. Kwa mtoto mchanga na kwa mzee, kupotewa na maji mwilini ni hatari.

SAMAKI NA CHUMVI

Watu wa pwani watauliza: na samaki wetu je? Stafilokokasi si kijidudu cha asili cha samaki wa baharini. Kibua au changu anayetolewa wavuni hana neno. Hukipata ufukoni, katika mikono, matenga na meza. Kila mkono unaomgeuza ni mlango.

Wengi huitegemea chumvi, na haki yao, kwani Bagamoyo ina mashamba ya chumvi na pwani yote inajua kutengeneza ng'onda. Chumvi huzuia vijidudu vingi vya kuozesha. Lakini stafilokokasi inastahimili chumvi kuliko vijidudu vingi, na hata maabara hutumia chumvi nyingi ili kukitenga na wenzake. Samaki aliyetiwa chumvi na kukauka barabara hana maji ya kukikuza. Samaki aliyetiwa chumvi kidogo na kubaki na unyevu ndiye wa kuogopwa, kwa sababu chumvi imewafukuza washindani na kumwachia nyumba huyu mmoja.

SILAHA INAYOCHAKAA

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu umeangukia katika sahani aliyokuzia stafilokokasi, na kuuzunguka ukungu ule vijidudu vimekufa. Hivyo penisilini ilizaliwa kwa kijidudu hiki hiki. Lakini kabla ya mwongo wa 1940 kwisha, hospitali zilikuwa zimekwisha kuona stafilokokasi isiyosikia penisilini. Wataalamu wakatengeneza methisilini mwaka 1959. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru, ikatangazwa Uingereza kwamba wamepatikana wasioisikia hata hiyo.

Kwetu ugonjwa huu wa usugu ulichelewa, lakini haukukosa njia. Uchunguzi wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba vijidudu visivyosikia methisilini havikufikia kimoja katika mia. Chunguzi za baadaye katika hospitali kubwa, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zikiwamo, zimepata hesabu kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyevunjika mguu na kidonda chake kikaingia usaha atahitaji dawa ya ghali zaidi, kitanda kwa siku nyingi zaidi, na pengine atarudi nyumbani bila mguu.

Na sisi tunaulisha usugu huo kwa mikono yetu. Mtu akiwa na mafua, ambayo dawa za kuua bakteria hayayahusu kabisa, hununua vidonge vinne dukani bila cheti. Mwenye jipu humeza siku mbili, maumivu yakipungua huweka vingine akiba. Mfugaji hununua chupa ya oksitetrasaiklini, humpiga ng'ombe sindano kwa kukisia, na jioni huuza maziwa yake. Dawa ile huteremka katika maziwa na kumwingia mtoto asiyeumwa. Ng'ombe aliyetibiwa ana siku zake za kungojewa, zilizoandikwa katika karatasi ya dawa. Kuuza maziwa kabla ya siku hizo kwisha ni kumdhulumu mnunuzi.

NANI AFANYE NINI

Serikali ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na wa pili ukafuata mwaka 2023. Dawa ziko chini ya mamlaka ya TMDA, usalama wa chakula tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango, na mifugo ina wizara yake. Mpango umeandikwa, kazi iliyobaki ni kuufikisha zizini, sokoni na katika duka la dawa la kijijini.

Si vema kumtwisha mama ntilie lawama zote. Tunamwambia aoshe mikono, naye hununua maji kwa ndoo, na ndoo moja huosha mboga, sahani na mikono kutwa nzima. Tunamwambia mchuuzi wa maziwa aweke baridi, na barafu haipatikani, au bei yake yala faida yake yote. Mahubiri ya usafi bila bomba ni maneno matupu. Halmashauri zinazokusanya ushuru katika masoko na mialo zina deni: bomba lenye maji na sabuni kwa wapikaji, meza zinazosafishika, na barafu karibu na samaki. Kadhalika wafugaji wakiungana katika ushirika waweza kuwa na tangi moja la kupozea maziwa, ambalo mfugaji mmoja hawezi kulinunua.

Liko jambo jingine linalowahusu waajiri na viongozi wa wafanyakazi. Mpishi wa kantini au mchinjaji mwenye jipu kidoleni asiguse chakula mpaka apone. Kila mtu husema hivyo. Lakini ikiwa kutogusa chakula ni kukosa ujira wa siku, ataficha kidole kwa kitambaa na kuendelea kukanda unga. Apewe kazi nyingine kwa muda, kufagia au kupokea fedha, na mshahara wake usiguswe. Kumfukuza mmoja ni kuwafundisha kumi kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Gharama ya siku tatu za mpishi mmoja ni ndogo kuliko ya watu sitini wanaotapika mchana mmoja.

Na kila mmoja wetu ana lake. Tuoshe mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula. Tuchemshe maziwa mapema, siyo baada ya kuyaacha juani. Chakula kilichopikwa kiliwe cha moto, au kifunikwe na kuwekwa penye baridi, kisilale mezani. Kidonda kifungwe. Dawa inunuliwe kwa cheti na kumezwa mpaka mwisho, kwa mtu na kwa mnyama.

Watafiti wa Bagamoyo waweza kutwambia kijidudu kimetoka pua gani na kimeingia kiwele gani. Hawawezi kutuoshea mikono, wala hawawezi kuleta bomba sokoni. Hayo ni kazi yetu na ya wale tuliowapa madaraka, na yafaa tuwaulize katika mikutano yetu ya vijiji na mitaa: maji ya soko letu yatafika lini?